Jina Nililoliita Jukwaani

Likasi, kambi ya Panda
Ijumaa, tarehe 8 mwezi wa sita 1973

Kwako yaya Suzanne, dada yangu mkubwa,

Pokea salamu za nyumba nzima: za baba, za mama, na zangu mimi mdogo wako. Huku tunaamka, tunakula, tunalala, tumshukuru Mungu. Baba anakohoa kidogo asubuhi kwa ajili ya baridi na vumbi, lakini hajakosa kazi hata siku moja. Wewe je, umepata nguvu? Shemeji Adrien hajambo? Na Martine, ameanza kukaa bila kushikwa? Mama anasema watoto wa kwetu huchelewa kukaa na huwahi kutembea, kwa hiyo usihangaike naye.

Barua hii nampa Symphorien, yule jirani wa nyumba ya tatu anayefanya kazi ya treni. Kesho anapanda Kolwezi na ameniahidi kukupa mkononi. Sikutaka kuipitisha posta. Unajua tangu mwaka jana majina ya ubatizo yamekatazwa na serikali, na mimi humu nataka kuwaandika watu kama tunavyowaita mezani. Ukimaliza kusoma, itie katika makaa ya mbabula yako, hata kama chakula kimeshaiva.

Najua habari ya mchezo wetu wa shule imekufikia. Watu wa treni hawana siri, na habari ikisafiri kutoka hapa mpaka Kolwezi inatiwa chumvi katika kila stesheni. Nimesikia huko wanasema nilianguka nikazimia, wengine wanasema askari walipanda jukwaani. Sikuzimia. Askari hawakupanda. Nitakueleza mwanzo mpaka mwisho jinsi ilivyokuwa, kwa sababu Jumatatu kuna jambo la kufanya, na kabla sijalifanya nataka mtu mmoja wa damu yangu awe anajua.

Nianze na kilio cha Georges, maana wewe hukuwepo. Ulikuwa umejifungua siku tisa tu, na shemeji alikuja peke yake. Labda alikueleza kidogo, labda alikuficha. Homa ilimshika kaka yetu Jumatatu, Alhamisi alikuwa amekwisha. Miaka ishirini na miwili. Watu walijaa uwanja mpaka kwenye ua wa jirani, na wanawake walimlilia kama tunavyolia sisi, kwa jina. Hakuna kilio bila jina, unajua mwenyewe. Mama aliita Georges, mama mdogo Angèle aliita Georges, bibi kizee wa nyumba ya pembeni ambaye hata meno hana aliita Jorji, Jorji, na siku ile hakuna aliyefikiri jina la ubatizo limekatazwa. Marehemu huitwa kwa jina alilokuwa akiitikia.

Mimi nilichemsha maji. Niliosha masahani, nilipanga mikeka, nilihesabu vikombe vya watu ili virudi kwa wenyewe. Machozi hayakuja. Nilingoja usiku, nikafikiri labda yanataka giza, hayakuja. Siku ya maziko nilitazama udongo ukimwagwa na nikaona kwamba mwenye koleo la kwanza alikuwa ni mtu wa mkono wa kushoto. Nilimpenda Georges, yaya. Naandika hivyo kama mtu anavyoandika anwani juu ya bahasha: ni kweli, lakini haina joto.

Kutolia kwangu kulionekana. Mama mdogo Angèle alinifinya mkono mbele ya watu, hapa juu ya kiwiko, akasema: “Shiye bote tunalia, ye eko anaosha masahani. Huyu mutoto iko na roho ya namna gani?” Alisema kwa uchungu, hakuwa na nia mbaya. Lakini neno likishatoka lina miguu. Huku kwetu asiyelia kwenye kilio cha nduguye, watu huanza kujiuliza anajua nini juu ya kifo chake. Hakuna aliyeniambia usoni. Niliona tu kwamba mama ameacha kwenda bombani asubuhi, saa ile wanawake wote wa mstari wetu wanapochota maji na kupiga soga. Alianza kwenda saa sita mchana, jua likiwa kichwani, peke yake na ndoo yake. Hakunilaumu hata siku moja. Ningependelea alaumu.

Basi ndiyo hali niliyokuwa nayo mwalimu Nicolas aliponichagua.

Wewe humjui, alifika shuleni kwetu baada ya wewe kuolewa. Anafundisha Kifaransa. Ni mtu wa Kapolowe, wazazi wake ni wavuvi, na mpaka leo akisahihisha makosa yetu anatupa karatasi mezani kama anayetupa samaki katika beseni. Mwembamba, akicheka anachekea puani. Kwenye karatasi za serikali ana jina lingine, na darasani tunamwita “citoyen”, yaani raia, kama ilivyoagizwa, lakini kila mtu anajua ni Nicolas. Mkewe anaitwa Germaine, ana mimba ya miezi saba sasa.

Mwezi wa tatu wakubwa waliagiza shule yetu itengeneze mchezo kwa sikukuu ya chama, tarehe ishirini mwezi wa tano. Mwalimu Nicolas aliuandika mwenyewe. Ni habari ya mama mmoja wa zamani, mwanawe alichukuliwa amefungwa kamba kwenda kuchimba shaba ya wazungu, akarudishwa maiti. Mchezo wote ulikuwa kwa Kifaransa, isipokuwa kilio cha yule mama mwishoni. Hicho alikiandika kwa Kiswahili chetu. Alisema mama zetu watakaa saa nzima wakisikiliza Kifaransa cha watoto wao bila kuelewa, si haki warudi nyumbani mikono mitupu.

Nafasi ya mama aliitafuta kwa sauti, si kwa sura. Kila msichana alipanda jukwaani akasema “Funga mlango”, yeye akiwa amesimama nje kwenye lango la shule. Ni mimi tu niliyesikika mpaka langoni. Nilikubali kwa sababu mazoezi yalikuwa saa za jioni, na saa hizo nyumbani kulikuwa kimya mno.

Sasa sikiliza habari ya jina la yule kijana aliyekufa katika mchezo, maana ndiko mambo yote yalikotokea. Mwanzo mwalimu alimwita Kabongo. Tukajifunza Kabongo majuma mawili. Halafu akaja kijana mmoja wa chama aliyetumwa kusimamia mazoezi, akasema kuna mkubwa mmoja anayeitwa Kabongo na haifai afe mbele ya wageni. Basi akawa Lwamba. Tukajifunza Lwamba mwezi mzima. Siku tatu kabla ya sikukuu yule kijana akarudi, akasema Lwamba ni jina la kabila moja tu, watu wa makabila mengine watanung’unika, shujaa awe na jina la nchi nzima. Akatupa Elombe, neno la Kilingala, maana yake mtu hodari. Darasani kwetu hakuna mwenye ndugu anayeitwa Elombe. Philippe, mtoto wa fundi seremala, ndiye aliyekuwa akilala kwenye mkeka kama maiti. Alisema yeye amekufa mara tatu na kila akiamka anakuta amebatizwa upya. Tulicheka wote, mwalimu pia. Kisha mwalimu akaacha kucheka, akatuonya kwamba juu ya jina hilo hakuna mchezo, Elombe ni Elombe.

Maneno niliyajua. Kilio chenyewe ndicho kilichonishinda. Nilikuwa nasema maneno ya kilio kama mtu anayesoma tangazo. Mwalimu hakunigombeza. Ijumaa, siku mbili kabla ya mchezo, alinibakiza baada ya wengine kwenda, mlango ukiwa wazi, akaniambia maneno ambayo nayaandika hapa kama alivyoyasema, bila kupunguza wala kuongeza: “Colette, sikia. Ule muntu wako alikufa, umufikiri. Umufikiri tu mu roho, unasikia? Ku kinywa, Elombe.” Nikaitika. Akasema, “Bon,” akachukua baiskeli yake akaenda.

Yakumbuke maneno hayo, yaya.

Mchezo ulifanyika Jumapili alasiri, katika ukumbi wa wafanyakazi. Mbele walikaa wageni, wote wamevaa abacost, ile suti isiyo na tai, na beji za chama. Nyuma yao akakaa prefe, mkuu wa shule yetu, pamoja na walimu. Katikati wafanyakazi, na baba kati yao amevaa abacost ya kuazima iliyombana kwapani. Mwisho kabisa, kwenye mabenchi na madirishani, wakakaa wanawake. Nilichungulia kwenye pazia, ambalo lilikuwa mashuka mawili yaliyoshonwa pamoja. Nikamwona mama. Kila benchi lilikuwa limejaa mpaka watu wamekaa nusu tako, lakini upande wa kulia wa mama palikuwa na nafasi wazi ya kumtosha mtu mzima. Hakuna aliyekaa hapo.

Tulicheza. Wazungu wetu walikuwa wamejipaka unga na walikohoa. Kamba ilifunguka mapema, Philippe akaishikilia mwenyewe mikononi ili aendelee kuwa mfungwa. Wageni walipiga makofi pale walipotakiwa kupiga. Kisha Philippe akaletwa juu ya mkeka, akawekwa katikati, na zamu yangu ikafika.

Nilipiga magoti. Nilifunua kitambaa nikaona vidole vyake vya miguu, kimoja kina doa la wino. Nikasema maneno ya kwanza: mwanangu, walikutoa hapa na kamba, wamekurudisha na mkeka, nitawaambia nini waliokupa jina. Baada ya hapo ni kuita jina. Nikanyamaza. Nilinyamaza muda mrefu, na ukumbi wote ukanyamaza pamoja nami. Kisha nikavuta kitenge juu ya uso wangu, nikaita kwa ile sauti inayofika langoni. Niliita Georges. Niliita mara tatu. Nikasema, “Georges, lamuka, maji ishapata moto.”

Unakumbuka nilikuwa namchemshia maji kila asubuhi kabla ya kazi.

Mama alisimama kule nyuma, akaweka mikono kichwani, akalia kama alivyolia siku ya Alhamisi ile. Mama mdogo Angèle akafuata. Kisha benchi lote, kisha benchi lililofuata, kisha wale wa madirishani ambao hata Georges hawakumjua, kila mmoja akaingiza jina la maiti wake. Lilisikika Joseph, lilisikika Marie, yalisikika majina ambayo hayajatamkwa hadharani mwaka mzima. Wanawake walikwenda kukaa pale penye nafasi kando ya mama, wakamshika. Philippe alifumbua macho akaniuliza kwa sauti ya chini ni nani amekufa. Mbele kabisa mgeni mmoja alianza kupiga makofi, akaona wenzake hawapigi, akaacha. Mashuka yalivutwa. Wimbo wa mwisho, ule wa kusifu, haukuimbwa.

Yaliyofuata nyumbani ungeyaona ungelia kwa furaha. Kesho yake wanawake walikuja na unga, na samaki, na mboga za sombe zilizokwisha twangwa. Mama mdogo Angèle alinishika mkono palepale alipokuwa amenifinya, akasema, “Unisamehe, mama. Shikujua ulikuwa unalia mu ndani.” Jumanne mama aliamka mapema, akajifunga kitenge kile cha kijani, akachukua ndoo akaenda bombani asubuhi pamoja na wenzake. Nilimsikia akicheka huko, kidogo tu. Baba alitengeneza soli ya kiatu changu bila kuombwa.

Alhamisi nikaitwa ofisini kwa prefe. Baba aliitwa pia, wakamtoa kazini. Alikuwapo bwana mmoja aliyetumwa na wakubwa, mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni. Mwalimu Nicolas alikuwa amesimama karibu na dirisha. Yule bwana akaeleza kwamba mbele ya wageni, siku ya furaha ya chama, limepigiwa kelele jina lililokatazwa, na watu wakachochewa kulia na kutaja mengine. Akamgeukia baba kwanza. Akamuuliza kama nyumbani kwake bado wanaitana majina hayo. Baba alikuwa ameweka kofia magotini. Akajibu, “Hapana, citoyen.” Nikaona kidole gumba chake kinasugua ukingo wa kofia, kinasugua, kinasugua. Nyumba tunayolala ni ya kazi, yaya, na kazi ni ya baba.

Kisha akanigeukia mimi. Aliniuliza kama ni huzuni iliyonishika au kuna mtu aliyenituma. Prefe akaingilia upesi, akasema huyu mtoto alifiwa na kaka yake mwezi wa pili, na kilio hakina sheria. Alikuwa ananifungulia mlango, na kila mtu mle ndani aliona kwamba uko wazi. Hata yule bwana aliinua kalamu akangoja. Nilitakiwa kusema neno moja tu, huzuni, twende zetu nyumbani.

Sasa nakuambia kile ambacho hakuna anayekijua hapa.

Haikuwa huzuni. Nilisahau jina. Pale magotini, mbele ya watu wote, nilitafuta jina la yule kijana nisilione. Kabongo lilikuja, nikajua si lenyewe. Lwamba likaja, nikajua limekatazwa. Lile la tatu nilikuwa nimelijua siku tatu tu, na lilikuwa limetoka kichwani kabisa, pamebaki shimo. Nilinyamaza nikilitafuta. Watu walidhani ni uchungu. Nikaona nisiposema kitu mchezo utaharibika, na jina la maiti lililokuwa karibu na mdomo wangu ni moja tu, nalo ni Georges. Nililichukua kama unavyochukua kijiko cha jirani kwa sababu chako hukioni. Habari ya maji ilifuata yenyewe, kwa sababu miaka mitano nilikuwa nikisema jina hilo na maneno hayo pamoja kila alfajiri. Kitenge nilijifunika ili wasione uso wangu. Ulikuwa mkavu. Nilipomsikia mama analia, nilifikiri: vizuri, inakwenda vizuri.

Basi ofisini neno huzuni lilikataa. Jukwaani nilimtumia ndugu yangu bila kujua ninachofanya. Pale mbele ya kalamu ningemtumia nikijua, na nikashindwa. Na kusema kwamba nilisahau nisingeweza, kwa sababu baba angesikia, na baba hawezi kumficha mama neno, na mama alikuwa na siku tatu tu tangu arudi bombani asubuhi. Yule bwana alipoona nimekaa kimya akauliza, basi ni nani aliyekuambia? Nikasema mwalimu. Nikasema mwalimu aliniambia nimwite maiti wangu.

Alikuwa ameniambia nimfikiri. Mimi nikasema nimwite. Ni neno moja nililobadilisha.

Mwalimu Nicolas aliniangalia. Hakukasirika, alionekana kama mtu anayesoma insha yenye kosa ambalo hakulitarajia kwa mwanafunzi huyo. Kisha akakiangalia kile kidole gumba cha baba juu ya kofia. Akasema, “Njo vile, citoyen. Ni minye.” Yule bwana akaandika kwamba mwalimu amekubali ni yeye. Baba akaambiwa arudi kazini kwake. Njiani baba alinishika bega, akasema mwalimu yule ametuponza.

Tangu siku ile mwalimu haingii darasani. Anayeshika nafasi yake hutusomesha imla tu. Jumatatu hii, saa tatu asubuhi, kesi yake inasikilizwa mbele ya wakubwa wa chama. Likithibitika kosa, anafutwa ualimu kabisa, si shuleni kwetu tu, na wengine wanasema hatarudi nyumbani kutoka huko.

Juzi Jumatano Germaine alikuja. Mama alikuwa ndani anapika bukari. Nilimtolea kiti hakukaa, nilimpa maji akanywa akiwa amesimama na mkono mgongoni. Hakunitukana. Aliniambia, “Nicolas hapana sema kintu. Ananyamaza tu. Mais minye najua bwana yangu. Aliniambia ule Ijumaa: ‘Nilimwambia ule mutoto amufikiri ndugu yake.’ Amufikiri. Donc ile ya kuita, ilitoka wapi?” Nikamwambia imetoka kwangu. Hakushangaa. Alisema prefe amemhakikishia kwamba mlango bado haujafungwa: nikienda mwenyewe Jumatatu niseme mwalimu hakunituma, ni huzuni ya ndugu yangu iliyonishinda, ile karatasi ya mashtaka itachanwa. Hata wale wakubwa wana mama zao, alisema, na kile kilio walikiona kwa macho. Wazazi wangu wawepo, ili ionekane ni matanga kweli. Nikasema nitakwenda. Akanirudishia kikombe.

Nimelifikiri jambo hili siku mbili. Nikisema nilisahau jina, hawataniamini, watasema nimefundishwa kuwadhihaki kwa ajili ya yale majina matatu. Na mama atakuwa amekaa palepale anasikia kwamba mwanawe hakulia. Mwalimu atapotea na mama atapotea. Nikisema ni huzuni, mwalimu anarudi darasani, mtoto wa Germaine anazaliwa baba yake akiwa nyumbani, mama anaendelea kuchota maji na wenzake. Uongo huo haumwumizi mtu yeyote aliye hai. Kwa hiyo nitausema. Baba nimekwisha mwambia ni lazima tuende wote watatu, kwa sababu nilikosea neno moja na nataka kulirekebisha, na yeye amekubali kuomba ruhusa kazini ingawa anaogopa. Mama amefua kitenge cha kuvaa.

Leo asubuhi nyumba ilikuwa tupu. Nilisimama nyuma ya jiko nikaisema ile sentensi kwa sauti: nilimlilia ndugu yangu, huzuni ilinishinda. Niliisema mara nyingi. Mara za kwanza ilikuwa kama tangazo. Halafu nikagundua kwamba nikinyamaza kidogo baada ya neno ndugu, kisha nikaendelea kwa sauti ya chini, inatoka vizuri sana. Mwalimu angefurahi. Jumatatu mama atalia, najua, na wao watamwangalia yeye wala si mimi.

Nakuomba usimwandikie mama neno lolote juu ya haya. Barua zako anasomewa na mimi, lakini nikiruka mstari anajua. Mpe shemeji Adrien salamu za baba, na umwambie lile koti alilosahau wakati wa kilio lipo, tumelitundika. Mfunge Martine kifua vizuri, baridi ya mwezi huu inauma. Na watu wa huko Kolwezi wakikuuliza kama ni kweli mdogo wako alimlilia kaka yake mbele ya ukumbi mzima, waambie ndiyo, kila mtu alisikia. Wewe mwenyewe, yaya, ujue kwamba bado.

Ni mimi mdogo wako,

Colette